Hema Alilochagua Bibi

Juzi nilipita duka moja pale Stafford, huku Marekani, nikakuta mahema yamening'inizwa mlangoni, mepesi kama mifuko ya nailoni. Nikanusa moja. Halikuwa na harufu yoyote. La kwetu la turubai, ndugu yangu, lilinuka nta, na lilipowekwa sebuleni Fort Worth hata sambusa za mama zilishika harufu hiyo.

Nilikuwa darasa la tano. Baba alifanya kazi ghalani, na wenzake walikuwa wamemwonjesha raha ya kulala kando ya ziwa. Jioni moja akaleta hema, akatutangazia mezani kwamba Jumamosi tunakwenda kambi. Bibi, mama yake, akarudisha tonge kwenye sahani.

“Kambi gani tena? Si tulishatoka kule?”

Baba alitaka kucheka, lakini akauona uso wake. Sisi watoto hatukuyakumbuka mahema ya ukimbizini. Bibi aliyakumbuka. Huko alimzika binti yake mdogo, aliyeugua kifua msimu wa mvua, turubai likimvujia pale mkekani.

Baba hakumbishia. Kesho yake alilirudisha hema lile, akamchukua bibi dukani achague mwenyewe, nami nikiwa mkalimani. Bibi alipitisha kiganja kwenye kila mshono. Akainama kuona kama sakafu imeshonewa kwenye kuta. Kisha akauliza habari ya madirisha.

“Kule tulikuwa tunakaa mu giza hata mchana,” alimwambia baba.

Tulilisimamisha nyuma ya nyumba, tukalimwagia maji kwa mpira ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Bibi aliingia, akakaa chini, maji yakipiga juu yake. Alipotoka, kitenge chake kilikuwa kikavu.

“Basi twende,” akasema.

Asubuhi kule ziwani alikaanga mandazi, huku baba akianika hema, maana turubai likikunjwa na umande huoza. Hapo ndipo bibi alipoanza kutusimulia habari za shangazi yetu, yule aliyemzika kule kambini: alivyopenda kuruka kamba, alivyoiba sukari. Alisimulia huku akicheka. Baba aliacha kazi yake, akaja kukaa karibu naye.

Bibi hayupo tena, na nyumba ile wanakaa watu nisiowajua. Wanangu hunijibu kwa Kiingereza. Lakini jina la shangazi yule, ambalo mpaka asubuhi ile sikuwa nimewahi kulisikia, nimempa binti yangu wa kwanza, na kila siku nyumbani kwangu kuna mtu analiita.