Stata ya Gari la Mkate

Siku ya kwanza nilipoingia gereji ya Kabiro, pale Kawangware, hakuna aliyenipa spana. Fundi Mkuu, mzee mwembamba wa Machakos aliyevaa koti la buluu hata jua likiwaka, alinionyesha jiwe la kukalia, akaniambia nisikilize. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimetoka kusuka koili za feni katika karakana moja ya viwandani, na nilidhani nimekuja kufanya kazi.

"Sista, sukuma wiki inauzwa ng'ambo ile," fundi mmoja wa bodi alinitania.

"Na wewe unauza nini? Kutu?"

Gereji nzima ilicheka. Mkuu hakucheka. "Mueni, nyamaza. Hilo gari linasema kitu."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa stata, nanyi vijana mnaochomeka kompyuta kwenye gari mnivumilie kidogo. Stata ni mota fupi, nene kama chupa ya chai, inayoizungusha injini mpaka injini iwake yenyewe. Mkuu alitaka tuijue kwa sauti kabla ya kuigusa. Ukigeuza ufunguo ukasikia tiktiktik ya haraka, kama kuku anayedonoa bati, tazama betri. Ukisikia mlio mwembamba unaokimbia bila kushika, meno ya stata hayajauma gurudumu la injini. Ukisikia kimya, washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo tena. Taa zikififia, umeme unavutwa lakini kuna kitu kimekwama. Zikibaki kali, umeme haupiti kabisa, na njia imekatika mahali. "Wapi?" Mkuu angeuliza, macho yakimng'aa kana kwamba yeye mwenyewe hajui. Nililipenda swali hilo. Mwaka wangu wa kwanza wote nililala na kuamka nalo.

Katika miaka hiyo ya tisini spea mpya zilikuwa adimu kwetu. Tulinunua stata zilizotumika, tukafungua tatu ili tupate moja. Kitu kilichotusumbua zaidi ni kaboni, vipande vinne vyeusi vinavyosukumwa na springi ili viguse amecha, yaani ile sehemu inayozunguka. Umeme wote hupitia hapo. Kaboni za saizi kamili zilipokosekana, tulichukua za lori, ambazo ni kubwa, tukazipiga msasa mpaka ziingie kwenye nyumba zake. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Mikono iliyozoea nyuzi nyembamba za feni haikosei, au ndivyo nilivyoamini.

Mwaka wangu wa tatu lilikuja gari la mkate. Lilikuwa van nyeupe iliyokwaruzika, ya injini chini ya viti, mali ya mwanamke tuliyemwita Mama Mkate, aliyekuwa na tanuri lake kule Kongo, mtaa wa hapo hapo Kawangware. Dereva wake, Otieno, alikuwa mtu wa ziwani aliyeishi Raila, kijiji cha Kibera. Kila alfajiri alipakia kreti, akazunguka vibanda vya Kawangware, kisha akashuka Kibera, akizima na kuwasha gari mara ishirini hivi kabla ya saa nne.

Stata yake ilikuwa imekwisha. Amecha ilikuwa nyeusi, imeungua. Nilitoa waya wa betri kwanza, kama inavyopasa, nikafungua waya mnene na ule mwembamba, nikalegeza bolti mbili, nikaishusha. Nilijenga nyingine kutoka kwa stata kuukuu na kaboni mbili za lori. Nilizipiga msasa asubuhi nzima. Zilipoingia, zilikaa bila kucheza hata kidogo. Mkuu aliinama, akazitazama. "Kama jino kwenye ufizi," alisema. Sikuwa nimewahi kusikia akimsifu mtu. Gari liliwaka kwa mguso mmoja, na jioni nilitembea kwenda nyumbani kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Wiki mbili baadaye lilirudi. Mama Mkate alishuka wa kwanza.

"Fundi, mimi sina neno na kazi yenu. Shida ni huyu." Alimwelekezea Otieno kidole. "Watu wangu wa Raila wamemwona amelala chini ya gari akiligonga kwa rungu. Gari langu! Halafu ananiambia stata mbaya."

"Mama, nisipoigonga haiwaki," Otieno alisema.

"Mbona mimi nikigeuza inawaka?"

Aligeuza. Iliwaka. Mkuu akageuza mara kumi, na mara kumi iliwaka. Akanitazama. Kila kitu kilikuwa sawa.

"Stata ni nzima," Mkuu aliamua.

"Basi umesikia," Mama Mkate alimwambia dereva wake. "Nakupa mpaka Jumamosi. Nikisikia tena rungu, ufunguo unaniachia mezani. Madereva wamejaa barabarani."

Otieno alikuwa na watoto wanne na mke aliyejifungua juzi. Kila mtu pale alilijua hilo, hata Mama Mkate. Otieno aliufuta usukani kwa kiganja kana kwamba una vumbi.

Mimi sikuwa na huruma kubwa siku ile, niseme ukweli. Nilikuwa na udadisi. Gari linawaka mbele ya watu watatu, linakataa mbele ya mtu mmoja: hiyo njia imekatikia wapi? Nilimwomba Mkuu ruhusa, na Ijumaa alfajiri nilipanda gari la mkate na kibeti changu cha spana.

"Umetumwa kunichunga?" Otieno aliuliza.

"Nimejituma kuichunga stata."

"Sawa. Lakini kreti utabeba."

Nilibeba. Kila kituo nilihesabu. Cha kwanza, iliwaka. Cha tano, cha tisa, iliwaka, na Otieno akaanza kutokwa jasho, maana gari lilikuwa linamfanya mwongo. Jua lilipanda. Chini ya viti injini ilichemka mpaka tukakaa upande upande. Tuliteremka Raila, tukasimama mbele ya kibanda cha chai, na kwenye kituo cha kumi na saba aligeuza ufunguo pakawa kimya.

"Haya! Umesikia?" Alikuwa karibu kushangilia.

"Washa taa."

Taa ziliwaka, kali. Aligeuza tena, na hazikufifia hata chembe. Nilijipenyeza chini na taa yangu ndogo ya kupimia, nikagusa mahali waya mnene unapoingia kwenye stata. Taa ikawaka. Umeme ulikuwa umefika mlangoni na haukuingia.

"Sasa ngoja," Otieno alisema. Alitoa kipande cha mti chini ya kiti, akalala karibu nami, akaigonga stata pembeni, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Akarudi, akageuza. Injini ikanguruma.

"Fundi wa ukweli ni mimi au wewe?" alicheka.

Sikucheka. Nilimwomba azime, kisha apeleke kreti zilizobaki kwa miguu. Vibanda vilikuwa vinne tu, vya karibu. Nilifunga matambara mikononi, nikaishusha ile stata ikiwa moto, nikaifungua juu ya gunia. Kaboni zangu mbili za lori zilikuwa zimekwama ndani ya nyumba zake. Springi zilizisukuma bure. Niliketi nikazitazama. Upepo ulipita. Baada ya dakika kadhaa, moja ilishuka yenyewe, ikagusa amecha: tk. Kisha ya pili.

Sijawahi kuona kitu kizuri na kibaya kwa wakati mmoja namna ile. Nilikuwa nimezibana mno. Zikiwa baridi zilitembea. Zikipata joto na vumbi lake jeusi, zilishikwa. Kile alichokisifu Mkuu ndicho kilichokuwa hitilafu yenyewe.

Nilitoa msasa, nikazipunguza unene wa kucha, nikarudisha kila kitu. Otieno aliporudi, gari liliwaka mara sita mfululizo, injini ikiwa bado moto.

"Ilikuwa nini?"

"Uchafu," nilisema.

Alifurahi sana. Njiani alinunua mahindi mawili ya kuchoma, moja langu.

Mama Mkate alikuwa amefika gereji akitungoja, ameketi na Mkuu. Nilimwambia stata sasa ni nzuri. Akapiga makofi.

"Mnaona? Nilimtisha kidogo tu, akaacha kuligonga, gari likapona. Wengine lazima waonyeshwe mlango."

Otieno alinitazama. Nadhani alikuwa anangoja tu nithibitishe ule uchafu, apate angalau kuwa mtu aliyesema kweli. Hindi lilikuwa bado mkononi mwangu, nusu.

"Mama, ni mimi," nilisema. "Si yeye. Kaboni nilizitengeneza nene. Gari likipata moto zinakwama. Asingeligonga, wiki hizi mbili mkate haungefika Raila."

Mkuu alisimama. Nilijua desturi yetu: fundi aliyemtwika mteja kosa lake hupewa spana zake akaondoka.

Wa kwanza kusema alikuwa Otieno, kwa sauti ya chini. "Wiki mbili nalala nikijiuliza nimeikosea wapi hii gari. Na asubuhi hii umeniambia uchafu."

Mama Mkate alimrudishia Otieno ufunguo aliokuwa ameuweka mezani, bila kumtazama usoni, akamwambia kesho aanze na Kabiro. Hakuomba msamaha, lakini habari ya Jumamosi haikutajwa tena.

Mkuu aliniuliza jambo moja tu. "Ilishuka yenyewe ilipopoa?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Ulisikia mlio?"

"Tk."

Alikaa akiwaza, kisha akaagiza jiko la makaa. Tangu siku hiyo hakuna stata iliyotoka gereji yetu bila kuwekwa juu ya bati lenye moto mpaka mkono ushindwe kuishika, ndipo ijaribiwe. Majirani walitucheka kuwa tunapika vyuma. Niliubeba mtindo huo nilipohamia gereji ya Kibera chini ya mwenye gereji tuliyemwita Mwenyekiti, aliyeniona nimerogwa, na baadaye karakana ya mabasi, ambako Injinia Mkuu aliuandika ukutani kama wake.

Sasa nimestaafu. Macho hayaoni tena nyuzi nyembamba, na vijana hununua stata mpya ndani ya sanduku. Watu huniuliza ni magari mangapi niliyatengeneza, nami sijui. Ninaloliwaza ni zile stata zilizotoka mikononi mwangu kabla ya lile jiko, miaka mitatu ya kaboni zilizokaa kama jino. La mkate lilirudi kwa sababu mwenyewe aliishi karibu. Mengine yalikwenda Kitui, Kisumu, sijui wapi, na kila moja lilikuwa na dereva.