Usikate Simu, Mama

Theodosia wa kijiji cha Maguu, mjane wa miaka hamsini na miwili, hajawahi kufika mbali kuliko Songea. Mtoto wake wa pekee, Restituta, yuko Polandi, mwaka wa pili wa uuguzi.

Jumanne moja ya Desemba, saa kumi na mbili jioni, Theodosia alikuwa akipalilia mahindi mteremkoni simu ilipoita.

"Mama, usikate simu. Ongea, lolote tu."

"Kuna nini?"

"Kuna mwanaume ananifuata tangu nishuke kwenye basi. Huku giza limeshaingia. Nikivuka barabara, naye anavuka."

Jembe likamponyoka. Bila kujijua akahamia Kimatengo, lugha aliyombembelezea mtoto huyo mgongoni. Usiende unakolala, alimwambia, asije akapajua. Watu wako wapi?

"Kuna duka la dawa mbele. Taa zinawaka."

"Ingia humo. Kimbia!"

Akasikia viatu vikipiga lami, pumzi ya mwanawe, kisha kimya. Mtandao ulikuwa umekatika.

Theodosia aliparamia kilima mpaka kwenye kituta ambako simu hukamata vizuri. Alipiga mara nne, hakupokelewa. Akamkumbuka Meshack, kijana wa Songea anayesoma mji uleule. Namba yake Restituta alimtumia mama yake zamani. Meshack alipokea, akasikiliza, akasema, "Duka la dawa la karibu na kituo chake nalijua. Natoka sasa hivi, mama."

Dakika arobaini alikaa kwenye jiwe, rozari mkononi. Alianza Salamu Maria, akaipoteza katikati, akaanza upya. Macho yake yalimwona Restituta kwenye theluji, kiatu kimoja hakipo.

Simu ikaita. Alikuwa Meshack.

"Shikamoo, mama. Niko naye. Mzima."

Alisahau kuitikia. Alilia tu.

Restituta mwenyewe akachukua simu. Mwenye duka alikuwa amefunga mlango kwa ufunguo na kuita polisi. Yule mtu alisimama nje ya kioo, akimtazama, hadi gari la polisi liliposikika, akatokomea. Hawakumkamata.

"Umewahi kumwona?"

"Hii ni mara ya tatu, mama. Sikutaka kukutia hofu."

"Mara ya tatu! Ukanyamaza? Hofu yangu niachie mwenyewe, Restituta. Wewe nipe habari!"

Alitaka kumwambia arudi. Akaacha, kwani alijua mwanawe hatarudi, na moyoni hakutaka arudi mikono mitupu. Akasema, "Usilale peke yako leo."

Wiki hiyo Restituta alihamia nyumba ya wasichana wawili Watanzania. Alipeleka maelezo polisi, akawaambia walimu wake, na sasa kutoka darasani hutembea na wenzake. Yule mtu hajaonekana tena, wala jina lake halijajulikana.

Hilo la mwisho ndilo linalomkaa Theodosia moyoni kuliko yote. Mpaka leo simu ikiita jioni huiacha iite mara mbili, ashike kwanza mpini wa jembe, ndipo apokee.