Marinda ya sketi ya Kiskoti yalivyokaribia kuvunja ndoa yangu Tabora, enzi za Ujamaa

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mlionizidi umri shikamooni, ingawa kwa jukwaa hili sidhani kama mmebaki wengi.

Juzi nimesoma uzi wa kijana analalamika kwamba mkewe kamlazimisha kuvaa shati la maua kwenye harusi. Nikacheka peke yangu hapa barazani.

Mdogo wangu, mimi nilimvalisha mume wangu sketi. Mchana kweupe. Na nusura nirudishwe kwa baba yangu kwa ajili ya sketi hiyo. Haya yalinikuta mwenyewe, majina tu ndiyo nimebadili.

Miaka hiyo nilikuwa bibi harusi mpya hapa Tabora mjini, nina cherehani ya miguu niliyopewa na shangazi. Nilishonea majirani magauni na kanzu. Mume wangu Haruna alikuwa akipiga ngoma kubwa kwenye bendi ya beni, ile ngoma ya gwaride, mtaani kwetu.

Kiongozi wa bendi alikuwa Mzee Kasongo, askari wa zamani aliyepigana Burma. Katibu alikuwa Mwalimu Bulugu, Mmoravian, mtu wa siasa safi. Neno "usawa" halikuwahi kumkauka mdomoni.

Basi palikuwa na mama mmoja wa Kizungu, mjane, anarudi kwao Uskoti. Bendi ikampigia siku ya kuagwa. Akafurahi mpaka akalia, akawaachia jora zima la kitambaa kizito cha sufu, cha drafti, pamoja na sketi kuukuu ya marehemu mumewe iwe mfano.

Nyie mmeziona kwenye TV. Sketi za wanaume, fupi za magotini, wanazovaa wakipuliza zile zumari za mfuko.

Sasa sikilizeni. Drafti ile ilikuwa ya kijani, nyeusi na bluu, na mstari mwembamba wa njano ukipita katikati ya nyeusi.

Mwalimu Bulugu alikitandaza kitambaa, akasema, "Hii ni bendera yetu."

Na kweli, rangi zote nne zilikuwepo. Wiki chache mbele alikuwa anakuja mgeni mkubwa kutoka Dar kuangalia kijiji kipya cha ujamaa upande wa Kwihara, na bendi ilitakiwa kumpokea. Papo hapo ikaamuliwa: bendi itavaa sketi za bendera, na mshonaji ni mke wa Haruna.

Haruna hakuulizwa. Mimi pia sikuulizwa.

Nikaichukua ile sketi ya mfano nijifunze. Mbele ni bapa, kitambaa juu ya kitambaa, kazi ndogo. Shughuli iko nyuma, kwenye marinda. Na nyuma ndiko nondo walikokula. Palibaki matundu na uzi unaning'inia. Usingeweza kujua yule marehemu marinda yake yalikunjwaje.

Hapo ndipo vita vilipoanzia.

Niwaeleze wasioshona. Ukikunja rinda la kitambaa cha drafti, lazima uchague kipi kikae juu na kipi kizame ndani. Unaweza kukunja kwa mraba, yaani unayapanga marinda mpaka drafti ya nyuma inaendelea vilevile, mtu hajui kama umekunja. Au unakunja kwa mstari: kila rinda unaliwekea mstari uleule wa njano katikati, basi nyuma inakuwa mistari ya njano imejipanga kama askari, na rangi nyingine zimelala ndani.

Mzee Kasongo alitaka mstari. Alisema Burma alitembea nyuma ya Waskoti siku nyingi kuliko alivyotembea na mkewe, kwa hiyo kama kuna kitu anakijua duniani ni migongo yao. Ilikuwa mistari.

Mwalimu akasema hapana. Kuweka njano juu na kuificha kijani ni kuinua dhahabu na kumkandamiza mkulima. Alisema hivyo kweli, kwenye kikao, amesimama. Alitaka mraba, rangi zote zionekane kwa usawa.

Mimi nikapima nikaona jambo moja: mraba unakula kitambaa zaidi. Tukikunja kwa mraba, mtu mmoja atakosa sketi, abaki na suruali.

Nilipotamka hivyo, Haruna alijitolea kabla sijafunga mdomo. Tangu siku hiyo mume wangu akawa mfuasi mkubwa wa Mwalimu Bulugu. Usawa, usawa, mpaka mezani. Mtu ambaye hakuwahi kuhudhuria mkutano wowote.

Wakashindwa kuelewana, wakaniachia mimi nichague. Mnajua wanaume, jambo likiwa gumu ndipo wanakumbuka kwamba mshonaji ana akili.

Asubuhi moja nikamwomba Haruna avae kipande nilichokibana kwa pini, upande wa nyuma kwa mstari, nione. Akakataa. Nikamwambia chai iko jikoni, na jiko liko kwangu. Akavaa.

Alisimama katikati ya ua kama mti wa simu. Nikazunguka nyuma nikatazama. Mistari ya njano juu ya weusi, imenyooka, lakini imepoa. Nikaanza kuona Mwalimu anasema kweli, kijani haipo kabisa.

Nikiwa nafikiri hivyo, mlango wa ua ukafunguka. Akaingia mama mkwe wangu, kutoka kijijini kwao Puge, na mzigo wake kichwani.

Alikuwa amesikia. Watu wa sokoni walipeleka habari mpaka Puge kwamba mke wa mjini anamshonea Haruna sketi, akapanda basi kuja kuhakikisha. Na mwanawe ndiye huyo, amesimama uani, magoti nje.

Haruna hata shikamoo hakutoa. Alikimbilia ndani.

Na wakuu, alipokimbia, yale marinda yalifunguka. Kijani ikatoka, bluu ikatoka, zikafunga, zikafunguka tena, kila hatua. Sijawahi kuona nguo ikifanya vile. Mama mkwe amesimama na hasira zake, mzigo bado kichwani, na mimi nimepiga magoti na pini mdomoni nimeduwaa kwa furaha.

Nikajua nimepata jibu. Ni mstari.

Nikatema pini, nikamsalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayu." Alitua mzigo akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu akichekwa siku ya huyo mgeni, ataondoka na mimi Puge. Wewe utarudi kwa baba yako."

Hakuwa anatania. Alikaa kwangu hadi siku yenyewe na chakula changu hakukigusa. Alikula kwa jirani, na jirani, Mungu amrehemu, alihakikisha mtaa wote unajua.

Nilishona na machozi. Nakubali niliwaza kurudisha jora na kusema cherehani imeharibika. Lakini nilikuwa nimeshaona yale marinda yakifunguka, na mshonaji akishaona hawezi kujifanya hajaona.

Mwalimu alipoletewa habari kwamba nimechagua mstari alikuja kulalamika. Mbona nimeificha bendera ya taifa ndani ya marinda?

Nikamwambia, "Mwalimu, hata bendera ikitulia mlingotini huoni rangi zote. Unangoja upepo."

Akaniuliza kama anaweza kulitumia neno hilo mkutanoni. Nikamruhusu. Nasikia alilitumia miaka.

Haruna ndiye aliyekosa pa kukimbilia. Sketi zilitosha wote.

Siku ikafika. Bendi ikatoka mjini kwa miguu kwenda Kwihara, njia ileile ya zamani ya misafara. Jua la Tabora mnalijua. Weka juu yake sufu ya Uskoti. Mzee Kasongo alikuwa anajikuna kwa fimbo yake ya uongozi huku akijifanya anatoa amri. Sisi wanawake tulifuata pembeni, mama mkwe mbele yangu, hanisemeshi.

Kabla ya kufika, tukakuta kundi la vijana wamesimama njiani. Ilikuwa miaka ile vimini vimepigwa marufuku, na kila mahali palikuwa na vijana waliojipa kazi ya kutazama magoti ya watu. Mkubwa wao akainua mkono, bendi ikanyamaza.

Akawatazama chini mpaka juu. Akasema agizo haliruhusu sketi fupi, na halijasema za nani. Wavue, au warudi mjini.

Mwalimu Bulugu akaanza kueleza habari za bendera. Kijana akamjibu kwamba bendera haivaliwi kiunoni. Watu wa vijiji wameshajaa kando ya njia, vicheko vinaanza. Nikamtazama Haruna, nikaona macho yake yanatafuta pa kwenda. Nikasema moyoni, basi, nafunga virago.

Mama mkwe akatoka pembeni. Alitembea polepole mpaka akasimama kati ya kijana na mwanawe.

"Baba yangu alikuwa mpagazi," alisema. "Alipita njia hii hii kwenda pwani, pembe ya ndovu begani, kitambaa kiunoni, magoti nje. Hakuna aliyemwita mwanamke. Nguo hii ameishona mkwe wangu. Anayetaka kumvua mwanangu aanze kunivua mimi."

Hakuna kijana wa Kinyamwezi, hata awe na agizo gani, atakayelijibu neno hilo kutoka kwa mtu wa umri wa bibi yake. Yule kijana alimwamkia, akasogea kando. Njia ikafunguka.

Mzee Kasongo akainua fimbo. Haruna akapiga ngoma yake kama anataka kuipasua, wakaondoka, na marinda yote yakafunguka kwa pamoja. Vigelegele vilivyolia pale, nikivikumbuka bado nasisimka. Mwalimu alikuwa nyuma ya Haruna na matoazi yake. Baadaye alikiri kwamba alikosa mapigo kwa sababu alikuwa anatazama marinda.

Jioni, mgeni ameshapokewa na tumerudi mjini, nikapika wali na kuku. Mama mkwe akanawa, akala, akaomba tena. Neno "mkwe wangu" lilikuwa jipya masikioni mwangu, sikutaka kuliharibu kwa maswali. Nikampakulia.

Nilichojifunza, wakuu: msichague nguo kwa kumtazama mtu aliyesimama. Mwambieni atembee. Na kwa mabinti mlioolewa, mama mkwe akigoma kula kwako usikate tamaa haraka. Huenda bado anakupima, na vipimo vya wengine huchukua muda.

Wenye wazee waliopiga beni Tabora, Nzega au Ujiji waje hapa watueleze walivaa nini. Na mafundi wanaoona ningekunja kwa mraba, karibuni pia, tubishane kwa adabu.

Na kabla hamjauliza, maana nawajua: ndani walivaa kaptula za kaki. Nilizishona mimi pia.