Mvuvi wa Majani

Hapa Kashikishi, Albert huitwa Mvuvi wa Majani, na si kwa sababu samaki wamemshinda. Biashara ya samaki, aliyoianza alipovuka ziwa kutoka Kongo, ndiyo iliyomjengea nyumba na bwawa la kuogelea uani. Wengi walicheka: nani huchimba bwawa hatua chache kutoka Ziwa Mweru? Albert aliwajibu kwamba lake halina mamba, akawa anawafundisha watoto wa mtaa kuogelea humo kila alasiri.

Tatizo lilikuwa pampu. Majani ya mparachichi wa jirani yake, Levy, yaliziba chujio, maji yakageuka kijani, na pampu ikanguruma usiku na mchana kuyasafisha. Yuniti za umeme zilikwisha mapema, na friza ya samaki ya mkewe, Angèle, ikazimika.

“Papa Chouchou,” Angèle alimwambia mumewe, “ile mashini yako inakula kupita batoto. Ikizimisha tena friza yangu, nitaloweka mihogo mu piscine.”

Hakuwa akitania. Siku hiyohiyo gunia la mihogo lilisimamishwa kando ya bwawa.

Albert akatafuta dawa ya kivuvi. Alifunga chandarua kikuukuu kwenye fito mbili, na kila alfajiri akakikokota bwawani kabla majani hayajazama. Kisha aliosha kikapu cha chujio. Maji yakatakata, hata pampu ikatosha kuwashwa saa chache tu za mchana. Friza ikagandisha. Gunia, hata hivyo, halikuondolewa.

Ikafika miezi ya kufunga uvuvi. Levy, mjumbe wa kamati ya wavuvi ya mtaa, alichungulia juu ya ukuta akamwona mtu akikokota chandarua majini, kosa lisilosameheka msimu wowote. Alikuja mbio, viatu mkononi.

“Ba Albert! Ziwa imefungwa!”

“Hata hii yangu?”

“Wavu ni wavu. Na hii iko na macho madogo sana! Lete, tutaichoma.”

“Ngoja kwanza tuangalie samaki.” Albert akamwaga majani mabichi miguuni pa mgeni wake. “Yote ni ya kwako, ba Levy. Imevuka ukuta bila pasi.”

Levy alikohoa, lakini akaushika wavu, asiuachie. Ndipo Angèle alipotoka jikoni.

“Beba tu,” alisema kwa upole. “Lakini pompe itanguruma mpaka kesho, na yuniti utanunua weye. Ao panda mu muti yako, uchume majani moya-moya.”

Levy aliutazama mti wake, mrefu kupita paa. Akauachia wavu.

“Kamati imeangalia,” alitangaza. “Hii haiko wavu. Iko ufagio.”

Hata hivyo, ni yeye aliyelipeleka jina la Mvuvi wa Majani sokoni kabla ya adhuhuri.

Angèle alilikokota gunia hadi kwenye pipa la nyuma ya jiko, akaanza kuloweka mihogo yake huko. Albert alisuuza kikapu cha chujio, akakirudisha mahali pake, akafunga kifuniko, kisha akauanika ufagio wake kwenye kamba ya nguo.