Uyoga wa Mikene

Shamba la mkonge alilofanyia kazi baba, huko Magindu enzi za Mwingereza, liliitwa Mikene. Mgiriki mwenye shamba alilileta jina hilo kutoka kwao, ambako ni jina la mji wa kale uliobaki magofu. Sisi tulilitamka tu kama tulivyotamka Gwata, kijiji cha jirani, wala hatukuuliza maana yake. Laiti tusingeijua kamwe.

Mwaka ule vuli ilikatika mahindi hayajabeba, na masika hayakuja kabisa. Lambo likakauka, kisima cha msikitini kikatoa tope, wanawake wakabakiwa na Mto Ruvu peke yake, mwendo wa kutoka alfajiri na kurudi adhuhuri. Mama alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka. Kila siku alijitwika debe, nami nikamfuata na kibuyu. Tukirudi alikaa mlangoni, miguu imevimba, hataki kusemeshwa na mtu.

Aliomba jambo moja tu: aende kwao Marui, upande wa Kisarawe, akajifungulie kwa mama yake, ambako chemchemi iko nyuma ya nyumba. Baba hakukataa waziwazi. Alisema, "Subiri kidogo. Nakuchimbia kisima."

Wazo hilo alilitoa kwa Mgiriki. Wakata mkonge walipomlalamikia maji, yeye aliwasimulia maana ya jina la shamba. Wapo, alisema, wanaodai ule mji uliitwa kwa jina la binti mmoja. Wengine husema shujaa aliyeujenga alidondosha pale kifuniko cha ala ya upanga wake, kitu ambacho kwa lugha yao huitwa sawa na uyoga, akaona ni ishara. Lakini mwenyewe aliipenda habari ya tatu: shujaa yule alishikwa na kiu, akang'oa uyoga, maji yakabubujika, akanywa, akajenga mji na kuuita kwa uyoga ule. Mgiriki alisimulia huku akicheka. Maji yake yeye yaliletwa kwa lori.

Baba hakucheka. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kichuguu kilichoota uyoga kila masika, naye akaamini, akaanza kuchimba hapo. Kila adhuhuri akitoka kazini aliingia shimoni na sururu. Mfa maji haachi kutapatapa, na baba alitapatapa katika vumbi. Jirani akiuliza, alijibu, "Udongo umeanza kupoa." Nilishuka nikaushika. Haukuwa umepoa.

Jioni moja mama alimwambia, "Baba watoto, debe lile pale. Kesho nenda wewe mtoni."

Baba alimtazama kana kwamba ameambiwa avae kanga. "Watu watanionaje?"

Basi. Magindu nzima hapakuwa na mwanamume aliyejitwika maji kichwani. Kuchimba ilikuwa kazi ya mwanamume hata kama shimo ni kavu. Kuteka ilikuwa kazi ya mwanamke hata akiwa mahututi. Nayasema haya kwa hasira, na sioni haya. Baba alimpenda mama, hilo nalijua, lakini ilikuwa rahisi kwake kufuata uyoga wa Wagiriki kuliko kupita mbele ya wenzake na debe.

Uchungu ulimshika mama njiani, tukitoka mtoni. Alianguka, maji yote yakamwagika. Wanawake tuliokuwa nao walimzungushia kanga, na mtoto akazaliwa pale pale mchangani. Alilia kidogo, kilio chembamba. Tulipofika nyumbani alikuwa amekwisha nyamaza, na mama midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu.

Mtoto hazikwi bila kuoshwa, na ndani hapakuwa na tone. Majirani nao mitungi yao ilikuwa mikavu, kwani maji ya wale wanawake yalikwisha njiani kwenye uzazi. Baba alitoka shimoni, vumbi mpaka kwenye kope, akamtazama mtoto, akamtazama mama. Alilichukua debe, akanipa kipande cha kanga nimsokotee ngata, kwa kuwa yeye hakujua.

Alikwenda mchana kweupe, akapita mbele ya msikiti, wanaume wamekaa barazani. Hakuna aliyecheka. Alirudi jua linazama, mabega yameloa, kwa sababu hakujua kutembea na maji kichwani na nusu yalimwagika njiani.

Mtoto alikuwa mdogo, yakatosha kumwosha. Yaliyobaki mama aliyanywa.