Posa ya Mpapai Dume

Mzee wa kanisa wa mtaa wetu hapa Mpemba huikagua mipapai yake kila asubuhi, tai shingoni, panga mkononi. Akikuta mmoja ulioning'iniza vishada vya maua matupu, huukemea: "Dume wewe! Mbolea unakula, kuzaa huzai!" Halafu huukata. Mwaka huu aliyamaliza madume yote. Majike yakachanua vizuri, kisha maua yakapukutika bila hata papai moja. Jumapili akavuka lami na mshenga, akasimama mbele ya mpapai wangu dume, kofia kifuani. "Mama Tumpale," akasema, "tumekuja kuposa. Kwetu wanaume wamekwisha." Nikamuuliza wameishaje. Akakohoa, akalichomoa panga ndani ya koti, akanikabidhi kwa mikono miwili.