Milio Mitatu

Simu ya mezani iliyokuwa nyumbani kwetu Rumonge haikuwa yetu. Mwarabu mwenye nyumba aliiacha mezani alipohamia nyuma ya duka lake, na sisi wapangaji tukaruhusiwa kuitumia. Sisi tulitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na tuliikuta vita hapa kama tulivyoiacha kule. Mama alikuwa akinunua mawese Kizuka na kwenda kuyauza Bujumbura, siku ambazo askari walifungua njia na magari kuondoka kwa msafara.

Akifika, alikwenda kwenye kabini ya simu pale sokoni na kupiga nyumbani. Ikilia mara tatu ikakatika, ndiyo salamu: nimefika. Hatukuinua. Simu isiyoinuliwa mwenye kabini haidai, na mama hakuwa na neno lingine la kusema.

Kuilinda simu ilikuwa kazi yangu. Nilikaa chini ya meza, mgongo ukutani, nikiwazuia wadogo zangu wasiiguse. Nilikuwa mtu wa aibu. Wageni wakija nilikwenda uani. Hata nilipoumia sikulia kwa sauti. Lakini kazi ile haikutaka maneno, nami niliiweza.

Kisha baba mdogo akaleta modemu.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alikuwa akiishi nasi. Alikuwa amesoma Uvira mpaka akapata diploma, na alitaka kwenda Kanada. Kwa ajili hiyo alinunua kompyuta iliyokwisha tumika, na kisanduku cheusi chenye taa nyekundu ambacho kingepitisha intaneti kwenye waya wa simu yetu. Siku nzima alisoma kitabu chake cha maelekezo, kwa Kifaransa, huku akinitukana.

"Shika waya vizuri, bubu wewe! Unashika kama unashika nyoka."

Alipomaliza, kisanduku kilipiga simu Bujumbura chenyewe, halafu kikapiga kelele. Sijawahi kusahau sauti ile. Ilianza nyembamba, ikapanda, ikakwaruza, kama mtu anayekabwa koo. Mdogo wangu wa mwisho alikimbia nje. Mama jirani akaita toka upande wa pili wa uzio, "Amahoro, ni amani huko? Munachinja nini?"

"Ni intaneti, mama!" baba mdogo akajibu. "Hamuwezi kuelewa."

Akaongeza jambo moja, akajisifu nalo mbele ya mama. Ameiambia modemu iwe inapokea simu yenyewe, ili watu wa Kanada wakituma faksi isipotee, hata yeye akiwa hayupo.

"Na mimi nikipiga?" mama akauliza.

"Shemeji, iko mashine ya akili. Itajua."

Mama aliamini, kwa sababu yeye hakusoma. Alfajiri iliyofuata alipanda juu ya bidoni zake za mawese kwenye lori, akaninyooshea vidole vitatu. Nikaitikia kwa kichwa.

Mchana simu ikalia. Haikumaliza hata mlio wa kwanza. Taa nyekundu ikawaka, kisanduku kikaanza kupiga kelele zake ndani ya simu. Baba mdogo akaja mbio kutoka uani, mikono ina sabuni.

"Kanada!" akasema.

Akangoja mbele ya kompyuta. Hakuna kilichokuja.

"Uliigusa?"

"Hapana."

"Uliigusa, wewe."

Ikalia tena, ikakamatwa tena, ikapiga kelele tena. Nikatoka chini ya meza.

"Baba mdogo, ni mama."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama yako amejua lini kutuma faksi?"

Nikashika waya nitoe. Akanipiga mkono. Simu ikalia mara ya tatu, kisanduku kikaimeza kama zile mbili, na baada ya hapo ikanyamaza. Nilikaa pale mpaka giza likaingia, nikimchukia. Sikuwa na kazi nyingine.

Jioni watu waliorudi toka Minago, njia ya Bujumbura, walisema kuna gari limepigwa risasi njiani. Hakuna aliyejua ni gari gani. Baba mdogo alikula ugali wake wote na ndagala zetu, dagaa wa ziwani, pia.

Mama alifika kesho yake kwa miguu, kandambili mkononi, miguu imepasuka kwa miiba ya michikichi. Hakusalimu. Alitushika kichwa mmoja mmoja, mimi wa mwisho, na mkono wake ukakaa juu yangu.

"Nani alikuwa analia mu simu?"

Baba mdogo akacheka kidogo. "Ilikuwa modemu, shemeji."

"Ilize. Nisikie."

"Sasa?"

"Ilize."

Akaiwasha, akapiga Bujumbura. Mama alisikiliza kelele zote mpaka mwisho, amesimama.

"Ni yenyewe," akasema, akinitazama mimi. "Nilisikia mara tatu. Nikasema, kama huyu asiyelia analia hivi, basi watoto wangu wote wamekwisha. Nikaacha mawese. Nikapanda kigari cha kwanza, camionnette, hata bila askari. Wametupiga risasi juu ya Minago. Aliyekaa pembeni yangu hakushuka."

"Lakini ungeuliza watu kwanza, shemeji. Kukimbilia njia namna hiyo ni ujinga."

Mama hakumtazama. Alichomoa waya wa modemu ukutani, akachomeka ule wa simu, na waya aliouchomoa akaniwekea mkononi.

"Na karatasi zangu za Kanada?"

"Andika barua," mama akasema. "Halafu uipeleke mwenyewe, kwa njia ile."

Baba mdogo aliniomba waya kwa matusi wiki nzima, baadaye kwa upole, akiniita mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo. Sikumpa, na sijutii.

Mama aliporudi sokoni alikuta bidoni zimeibiwa. Siku hiyo nilikuwa chini ya meza, waya umefungwa kiunoni chini ya nguo. Simu ililia mara moja, mara mbili, mara tatu, ikakatika. Baba mdogo alisimama mlangoni akiniangalia, akisubiri niseme mama amefika.

Sikumwambia.